Basi la Jumapili

Kisumu, Jumatano usiku

Mwanangu Achieng',

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili, kwa furaha. Jumapili unazamia mara mbili na wageni huko Diani, saa sita mchana unatoka majini, saa kumi na moja jioni unapanda basi Mombasa kuja nyumbani. Nimemwambia tiketi hiyo ibadilishwe, naye ameninunia. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utanijibu "ndio Baba" kisha ufanye yako.

Ile alama ya ndege kwenye saa yako ya kuzamia haihusu ndege peke yake. Inahusu kupanda juu kabla nitrojeni uliyovuta majini haijakutoka mwilini, isije ikafanya mapovu. Ndani ya ndege ya abiria, hewa huwa nyepesi kama ya mtu aliye mlimani mita 1,800 hadi 2,400. Sasa angalia njia yako: unatoka usawa wa bahari, Nairobi karibu mita 1,800, Limuru zaidi ya 2,000, Nakuru 1,850, kisha Mau Summit inayopita 2,400 kabla hujateremkia Kericho. Hilo basi litafika juu kama ndege, na halina mtungi wa oksijeni.

Ukizamia mara moja tu bila kulazimika kusimama majini wakati wa kupanda ili kutoa gesi, ngoja masaa 12. Ukizamia mara kadhaa, au siku mfululizo kama wewe, ngoja 18 kwa uchache. Kama ulilazimika kusimama, zidisha. Mimi nasema 24. Saa nyingine za kuzamia huhesabu 24 bila kujali ulizamiaje, nyingine hukokotoa na huenda zikakupa muda mfupi. Wewe shika ule mrefu. Ukitoka majini Jumapili saa sita, masaa 18 yanakwisha Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia hapo dereva ameshawapandisha Limuru zamani.

Usiniambie saa haijalalamika. Saa haipimi damu yako. Ina kihisi cha presha na kipima muda. Mengine yote ni hesabu ya tishu za mwili za kubuni, 16 kwa saa zinazofuata hesabu za daktari Bühlmann. Haijui kwamba hukulala, hukunywa maji, na kwamba ukitoka tu unabeba mitungi ya wageni. Viongozi wa wazamiaji nawajua: mgeni mmoja masikio yanamuuma, unapanda kumfuata, unashuka tena, unapanda. Kupanda na kushuka huko ndiko kubaya. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 simama dakika tatu kamili, hata kama mgeni anakuonyesha kidole gumba, yaani twende juu.

Tukiwa hapo kwenye saa. Fungua mipangilio kabla ya Ijumaa. Ilipotoka mkononi mwangu ilikuwa imewekwa kwa maji yasiyo na chumvi, na mwinuko wa A1, ule wa mita 300 hadi 1,500, kwa sababu ziwa letu liko 1,134. Sikumbuki kuirudisha. Kama mita 30 za bahari zimekuwa zikisomeka karibu 31, basi umeshajua kwa nini. Hesabu ya nitrojeni haikuharibika, maana saa hukokotoa kwa presha yenyewe, lakini vina vya maji ulivyoandika kwenye daftari si vya kweli. Na A1 baharini hukupunguzia dakika za kukaa chini tu. Hatari iko upande wa pili: ukija huku na A0, ile ya usawa wa bahari, ukaingia ziwani, saa itakupa dakika ambazo huna. Ukifika ngoja masaa matatu kwa uchache, badilisha kwanza, ndipo uguse maji. Yale ya ufukwe wa Dunga, hapa ziwani kwetu, unayajua, siyarudii.

Nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, vilevile. Wakikupa mtungi wa asilimia 32, upime mwenyewe kwa kipimo cha oksijeni, usiamini kilichoandikwa kwenye utepe, kisha uweke 32 kwenye saa. Kwa kikomo cha presha ya oksijeni cha 1.4 hutakiwi kupita mita 33. Kosa la wengi huja kesho yake: wanarudi kwenye hewa ya kawaida ya 21 na saa bado inaamini ni 32. Inadhani unavuta nitrojeni kidogo kuliko unavyovuta. Iangalie kila unapofunga mtungi.

Usimwazime mtu saa hiyo, hata mgeni mwenye bakshishi nzuri. Nitrojeni ya asubuhi imo kwenye kumbukumbu yake. Ukizamia mchana na saa nyingine, hiyo nyingine inakuona kama mtu aliyetoka kitandani.

Kuhusu betri. Niliyokuwekea Disemba ni mpya, lakini oringi ya kifuniko, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa ile ile. Niliifuta nikaipaka grisi ya silikoni. Haikuwa na mkwaruzo, nadhani. Ukiona ukungu chini ya kioo, usiingie nayo majini. Fundi wa huko akuwekee mpya, nitalipa mimi. Afanye hivyo ukiwa hujazamia siku mbili, maana betri ikitolewa, saa nyingine husahau nitrojeni yote. Na ukitoka baharini iloweke kwenye beseni la maji safi. Chumvi ikiganda kwenye vile vidoti vya chuma, saa hudhani bado uko majini na betri inaliwa usiku kucha. Usiipulize kwa hewa ya mtungi, utatoboa kihisi.

Mama yako hajui kwamba jirani zetu wote wameshasikia habari zako kutoka kwangu. Binti wa ziwani anawaongoza watu wa pwani baharini kwao! Lakini mtu anayeongoza wengine hawezi kukosea hesabu ya basi.

Kwa hiyo zamia mara ya mwisho Jumamosi, upande basi hilo hilo la Jumapili jioni. Au zamia Jumapili uje na la Jumatatu jioni. Ukiwa njiani bega au kiwiko kikianza kuuma, au vidole vikifa ganzi, usiseme ni kiti cha basi. Shuka kabla ya mlima, utafute hospitali yenye oksijeni, na uwaambie ulizamia saa ngapi na mita ngapi.

Nyanya yako alipanga kuchinja kuku Jumatatu. Nimemwambia kuku anaweza kungoja. Tangi la maji limepasuka tena pale pale nilipoziba, na mama yako anasema niliziba vibaya. Omena nimekuwekea gorogoro mbili, zimekauka vizuri. Ukija lete nazi, za huku hazina tui.

Nitumie picha ya tiketi mpya.

Baba yako