Shukrani kwa mama wa Skellig Michael

Natoa shukrani za dhati kwa mama ambaye jina lake sikuwahi kuliuliza, aliyenisaidia kushuka salama ngazi za kisiwa cha Skellig Michael, mwamba ulioko takriban kilomita 12 kutoka pwani ya kusini-magharibi ya Ireland. Nilivutwa huko na filamu za Star Wars za mwaka 2015 na 2017, ambazo sehemu yake zilipigwa hapo, lakini vijumba vya watawa, vilivyopangwa kwa mawe matupu bila chokaa mfano wa mizinga ya nyuki, vilinigusa zaidi ya filamu yenyewe. Kupanda ngazi zile za mawe, zaidi ya 600, hakukunishinda. Ila wakati wa kushuka, nilipoiona bahari chini yangu pasipo na cha kushikilia, miguu ilikufa ganzi. Wewe mama ulikaa kitako mbele yangu, ukashuka daraja moja baada ya jingine, ukiniambia nitazame kisigino cha kiatu chako tu, chenye tope jekundu. Boti yako iliondoka kabla sijakushukuru. Ahsante sana, mama. Mungu akuzidishie afya.