Kazi Inayotembea na Mtu: Kompyuta za Mkononi, Matumizi Yake na Mahali Zinapokwama

Wateja wengi wanaokuja kwetu huanza kwa kuuliza wanunue simu ipi, au kishikwambi kipi kinawafaa wafanyakazi wao wanaoshinda nje ya ofisi. Ni swali la haki, ila si la kwanza. Kabla ya kuchagua kifaa, inafaa kujua kazi yenyewe itaendeleaje mtandao utakapopotea, chaji itakapokwisha, au kifaa kitakapoangukia mikononi mwa mtu asiyehusika. Sisi huandaa vifaa vya mkononi na programu zake kwa ajili ya biashara ndogo, na tumeona mara nyingi kwamba mradi haukwamishwi na ubovu wa kifaa, bali na maswali hayo kutoulizwa mapema.

Tunaposema kompyuta za mkononi, hatumaanishi simu peke yake. Tunamaanisha mpangilio mzima unaomwezesha mtu kupokea, kuchakata na kutuma taarifa akiwa safarini, bila kufungwa na meza wala waya. Ndani yake kuna kifaa, ambacho huweza kuwa simu janja, kishikwambi, kompyuta mpakato, saa janja au mashine ya kusomea msimbo pau, ile mistari iliyochapishwa kwenye bidhaa. Kuna programu inayofanya kazi iliyokusudiwa. Na kuna njia ya mawasiliano, yaani minara ya simu, Wi-Fi, Bluetooth au setilaiti. Mnunuzi huona kifaa kwa sababu ndicho kinachoshikika. Matatizo anayotuletea baadaye, hata hivyo, kwa kawaida hutoka katika hizo sehemu mbili nyingine, au pale zote tatu zinapokutana.

Ili kuelewa vikwazo vya leo, ni vizuri kukumbuka tulikotoka. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama mtaani jijini New York akapiga simu kwa kifaa alichokishika mkononi. Ilipita miaka 10 kabla ya simu ya aina hiyo, DynaTAC 8000X, kuidhinishwa kwa matumizi ya umma, nayo ilikuwa na uzito wa takribani gramu 790 na ilihitaji kuchajiwa kwa saa 10 ili mtu azungumze kwa dakika 30 hivi. Upande wa kompyuta, Osborne 1 iliyotoka mwaka 1981 iliitwa ya kubebeka ingawa ilikuwa na kilo 11 na skrini ya inchi 5, na ilipaswa kuchomekwa kwenye umeme. Njia hizo mbili zilikutana mwaka 1994 katika simu ya IBM iliyoitwa Simon, ambayo ilikuwa na skrini ya kugusa, kalenda na barua pepe. Kisha zikaja iPhone mwaka 2007 na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Watu huzitaja zaidi hizo mbili za mwisho, lakini kwa maoni yetu mwaka unaostahili heshima kubwa zaidi ni 1991, pale kampuni ya Sony ilipoingiza sokoni betri ya kwanza ya ioni za lithiamu. Bila betri nyepesi inayoweza kuchajiwa mamia ya mara, hayo mengine yote yangebaki mezani.

Matumizi ni mengi mno kuyataja yote, kwa hiyo tuangalie moja kwa karibu. Fikiria mhesabu mali katika ghala. Zamani alitembea na karatasi, akaandika idadi ya kila bidhaa, akarudi ofisini, na mtu mwingine akaziingiza namba hizo kwenye kompyuta. Kila namba iliandikwa mara mbili, na kila mara ilikuwa nafasi ya kukosea: 61 ikawa 16, au mstari mzima ukarukwa. Sasa anaelekeza kamera ya simu kwenye msimbo pau, anasikia mlio mfupi, anaweka idadi, anasonga mbele. Taarifa inaandikwa mara moja tu, na mtu aliyeihakiki kwa macho yake ndiye aliyeiandika. Faida hii ya kuondoa uandishi wa pili ndiyo tunayoithamini kuliko zote, kuliko hata kasi. Ndiyo inayomsaidia muuguzi anayeandika vipimo kando ya kitanda cha mgonjwa, fundi anayepiga picha ya mashine kabla na baada ya kuitengeneza, na msafirishaji anayepokea sahihi ya mpokeaji kwenye skrini mlangoni.

Hayo yote yanategemea mtandao, na mtandao wa simu si kitu kimoja kinachofunika kila mahali kwa usawa. Eneo limegawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja kikihudumiwa na mnara wake, na unaposafiri simu yako hukabidhiwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine bila wewe kujua. Makabidhiano hayo yakifanyika vizuri, mazungumzo hayakatiki. Yakifanyika mahali ambapo mnara unaofuata umejaa watumiaji au uko mbali, data husimama, na programu isiyojiandaa huonyesha ile alama ya kuzunguka isiyokwisha. Kuna jambo jingine ambalo wateja hushangaa kulisikia: simu iliyo mbali na mnara hupandisha nguvu ya mawimbi inayotuma ili isikike, na hivyo hula chaji zaidi. Mfanyakazi anayelalamika kwamba betri yake haifiki jioni huenda hana betri mbovu hata kidogo. Huenda anashinda katika ghorofa ya chini ya ardhi, ambako simu yake hutafuta mnara siku nzima.

Wi-Fi nayo ina tabia zake. Vifaa vingi vya leo hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa, kwa kuwa Bluetooth na vifaa vingine vingi vinayatumia pia. Ya pili yana kasi zaidi, ila hudhoofika haraka yanapokutana na ukuta. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na intaneti ya kasi sebuleni na akakosa kabisa chumba cha tatu, ilhali analipia huduma ileile.

Kuhusu ramani na mahali mtu alipo, tungependa kuondoa dhana moja. GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaokijulisha kifaa mahali kilipo, haihitaji bando. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na kinahitaji kuziona angalau 4 ili kijue kilipo na kurekebisha saa yake. Kinachohitaji data ni picha ya ramani. Ukiipakua ramani mapema, dereva wako ataweza kuelekezwa hata mahali pasipo na mnara wowote.

Tumefika sasa kwenye changamoto ambayo sisi wenyewe ilitufundisha kwa gharama. Tulimwandalia mteja mmoja, msambazaji wa bidhaa, programu ya kupokea oda inayofanya kazi hata bila mtandao: mfanyakazi aandike, simu ihifadhi, na mtandao ukirudi itume kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza rekodi zote. Ilionekana kuwa imekamilika. Siku moja, saa 4 asubuhi, mfanyakazi wake aliandika oda ya makasha 12 akiwa mahali pasipo na mtandao. Saa 7 mchana mwenye duka akapiga simu ofisini akaongeza oda hadi makasha 20, na badiliko hilo likaingia kwenye seva papo hapo. Saa 11 jioni simu ya mfanyakazi ikapata mtandao, ikatuma rekodi yake ya asubuhi, na seva ikaichukulia kuwa ndiyo mpya kwa kuwa ndiyo iliyofika mwisho. Makasha 20 yakafutika, yakarudi 12, bila onyo lolote. Mteja aligundua siku iliyofuata, mzigo ukiwa tayari umefika pungufu.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeweka kanuni kwamba kinachofika mwisho ndicho kinachoshinda, bila kufikiri kwamba kufika mwisho na kuandikwa mwisho ni mambo mawili tofauti. Wala kutegemea saa ya simu hakutoshi, kwa sababu saa ya simu inaweza kuwa imebadilishwa. Tangu wakati huo kila rekodi tunayoiandaa hubeba namba ya toleo. Simu inapotuma badiliko, inaieleza seva lilitokana na toleo lipi. Seva ikiona kwamba toleo hilo limeshapitwa, haifuti kitu, bali hutunza matoleo yote mawili na kumwomba msimamizi achague. Kazi ya msimamizi inaongezeka kidogo. Tunakubali ongezeko hilo bila kusita, kwani kompyuta haiwezi kujua mwenye duka alikusudia nini.

Betri tumeigusa, ila ina jambo la kuongeza. Betri ya lithiamu huzeeka kwa sababu mbili kuu, yaani idadi ya mizunguko ya kuchajiwa na joto, na joto ndilo linalopuuzwa. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari juani, tena ikiwa inachajiwa na ramani imewashwa, inapokea joto kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Tunawashauri wateja waweke kishikio karibu na tundu la hewa badala ya kioo cha mbele, na wasiiache betri ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa kwa siku nyingi. Betri ikivimba hadi skrini ikaanza kunyanyuka, zima kifaa, usikibonyeze wala kukitoboa, na usijaribu kukichaji tena. Kilete kwa fundi hivyohivyo.

Usalama ndio unaotukosesha usingizi. Kompyuta ya mezani huibiwa mara chache. Simu huachwa kwenye kiti cha basi. Anayeiokota akikuta haina kufuli, haoni simu tu, anaona barua pepe ya kampuni, orodha ya wateja na mazungumzo yote ya biashara, na kupitia barua pepe hiyo anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine. Kwa hiyo kufuli la skrini, usimbaji wa data iliyomo ndani (kuigeuza isisomeke bila kufuli kufunguliwa), na uwezo wa kufuta data ya kifaa ukiwa mbali si mambo ya kuongeza baadaye. Tunayaweka kabla ya kifaa kukabidhiwa, na tunaujaribu ufutaji huo mbele ya mteja kwenye kifaa kitupu ili aone unavyofanya kazi. Jihadharini pia na udanganyifu wa kuhamisha laini, ambapo tapeli humshawishi mtoa huduma kuhamishia namba yako kwenye laini aliyonayo yeye. Akifaulu, namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe mfupi humfikia yeye. Kwa akaunti muhimu za biashara, ni salama zaidi kutumia programu ya uthibitishaji, inayotoa namba hizo za siri ndani ya simu yenyewe, kuliko ujumbe mfupi. Na simu ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao, wasiliana na mtoa huduma wako saa hiyohiyo.

Masasisho ya programu nayo yana uzito wake. Kila mtengenezaji huacha kutoa marekebisho ya usalama kwa vifaa vyake baada ya muda fulani, na simu ya bei nafuu inaweza kufikishwa mwisho huo mapema kuliko unavyofikiri. Muulize muuzaji itapokea marekebisho hadi mwaka gani. Asipojua, tafuta jibu kwa mtengenezaji kabla ya kulipa.

Skrini ndogo ni kikwazo cha kweli pia, hasa kwa majedwali marefu. Ushauri wetu ni mfupi: fomu ya ofisini isihamishiwe kwenye simu jinsi ilivyo. Ipunguzwe ibaki na yale tu ambayo mtu aliyesimama, pengine mkono mmoja umeshika mzigo, anaweza kuyajaza.

Lipo pia suala la heshima kwa wanaovibeba vifaa hivi. Waajiri wengine hutuomba tuwashe ufuatiliaji wa mahali alipo mfanyakazi saa 24. Tunakataa kufanya hivyo kimyakimya. Ufuatiliaji wa gari la mizigo wakati wa kazi una sababu inayoeleweka, lakini mfanyakazi aambiwe kinachofuatiliwa, na kizimwe anapomaliza zamu. Tumeona timu iliyofichwa jambo hili ikaanza kuacha simu kwenye droo, na mradi wote ukafa.

Ukitaka tukuandalie vifaa, njoo na orodha ya kazi ambazo watu wako huzifanya nje ya ofisi, pamoja na maeneo wanayozifanyia. Njoo pia na simu moja kati ya zile wanazotumia sasa, hata kama ni kuukuu. Tutakaa nawe, tuzime data na Wi-Fi, kisha tukuombe uingize oda moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale utakapokwama ndipo tutakapoanzia.