Mkiiga kanuni ya redio ya Kanada, igeni yote

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu redio na muziki wa nyumbani niliisoma mpaka mwisho, na hamu ya mwandishi ninaielewa. Anataka stesheni zilazimishwe kupiga asilimia fulani ya nyimbo za hapa, na mfano wake ni Kanada. Anasema kanuni ya aina hiyo ndiyo iliyowaibua waimbaji mashuhuri wa Kanada, Joni Mitchell, Neil Young na Leonard Cohen. Hapo tarehe zinamkataa.

Kanuni ya Kanada ilianza kazi Januari 1971, ikizitaka stesheni za AM zipige asilimia 30 ya nyimbo za Kikanada. Joni Mitchell alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Marekani tangu 1965. Neil Young aliondoka Toronto mwaka 1966 kwa gari kuukuu la kubebea maiti, aina ya Pontiac, safari ya kwenda Los Angeles. Cohen, mshairi wa Montreal ambaye vitabu vyake tayari vilikuwa madukani, naye alikwenda kuzitafutia nyimbo zake soko New York kabla miaka ya sitini haijaisha. Kuhama kwa watu kama hawa ni sababu mojawapo ya kanuni kutungwa, wala si kanuni iliyowazaa. Malalamiko ya wanamuziki wa wakati ule yalikuwa kwamba redio za kwao zinangoja Mmarekani aupende wimbo kwanza ndipo nao wauguse.

Tena kanuni ilipoanza, haikuleta neema mara moja. Stesheni nyingi zilishika majina yaliyokwisha kuthibitishwa ng'ambo ya mpaka, kina Anne Murray, Gordon Lightfoot na The Guess Who, zikayazungusha mpaka wasikilizaji wakachoka. Nyimbo nyingine za Kikanada zilisukumwa alfajiri na usiku wa manane. Watu wa redio wenyewe wakaziita saa za biva, yaani yule mnyama mjenga mabwawa aliyechorwa kwenye sarafu yao ya senti tano. Ilibidi baadaye kanuni itaje waziwazi kwamba asilimia itimizwe pia mchana, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Niliposoma habari hizo nilicheka, maana nimekaa nyuma ya kipaza sauti miaka mingi hapa pwani. Kwenye stesheni moja niliyofanya kazi, taarabu na nyimbo za vijana wa mitaa ya jirani zilikuwa na zamu yao maalumu: baada ya saa sita usiku. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilisomeka vizuri sana.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na mimi naliona ndilo kubwa, ni hili: wimbo wa nyumbani ni upi? Wakanada walilijibu kwa alama inayochapwa kwenye santuri na majalada ya CD. Ni duara dogo lililogawanywa vipande vinne, kila kipande na herufi yake: M, A, P na L. Kimoja ni cha aliyetunga muziki, kimoja cha aliyeimba, kimoja cha mahali uliporekodiwa, na kimoja cha aliyetunga maneno. Kipande kinachotimiza masharti, yaani mhusika ni Mkanada au mahali ni Kanada, hupakwa rangi. Viwili vikitimia, wimbo umehesabiwa. Mtangazaji haulizi kama wimbo unaitaja theluji au mto Saint Lawrence. Anaangalia duara.

Hesabu hiyo ilileta vioja. Mwaka 1991 mwimbaji Bryan Adams, mzaliwa wa Kingston, Ontario, alikuwa na wimbo uliokaa namba moja Uingereza majuma 16 mfululizo. Kwao Kanada wimbo huo haukuhesabiwa kuwa wa Kikanada, wala albamu uliomo. Alikuwa ametunga pamoja na Mutt Lange, mtayarishaji aliyezaliwa Mufulira katika Zambia ya leo, na kazi nyingi ya studio ilifanyika nje. Duara likawa na kipande kimoja tu chenye rangi. Wakati huo huo, wimbo wa Cohen uitwao Hallelujah ukiimbwa na Jeff Buckley, Mmarekani wa California, unapita bila tatizo, kwa kuwa muziki na maneno yote ni ya Mkanada. Adams alikasirika hadharani, magazeti yakachachamaa, na mwaka 1993 masharti yakalegezwa kwa Mkanada anayetunga na mgeni nusu kwa nusu. Binafsi naona Adams alikuwa na haki ya kukasirika, lakini pesa za redio zilikuwa hazimpigi chenga mtu wa kiwango chake.

Wa kutazamwa ni wengine wa mji huo huo. Bendi ya The Tragically Hip ilianza Kingston mwaka 1984. Marekani hawakuwahi kutikisa kitu, na sidhani wasomaji wako wengi wamewahi kuwasikia. Nyumbani waliishi kwa muziki wao zaidi ya miaka thelathini, wakijaza viwanja, huku redio ikiwapiga mchana kweupe. Mwimbaji wao, Gord Downie, alipotangaza mwaka 2016 kwamba ana saratani ya ubongo isiyotibika, walifanya ziara ya mwisho na kuimalizia Kingston tarehe 20 Agosti. Shirika la utangazaji la taifa, CBC, lilirusha onyesho zima bila tangazo la biashara, ingawa Olimpiki ya Rio ilikuwa bado haijafungwa. Waziri Mkuu alikuwamo ukumbini. Watu milioni 11.7 walifuatilia, katika nchi ya watu kama milioni 36. Downie alifariki Oktoba 2017.

Asilimia peke yake isingewafikisha hapo bila vipaji vyao. Lakini bendi kama hiyo, isiyouzika nje, ndiyo inayohitaji redio ya kwao. Nyota wa dunia atajitafutia njia. Pia tusisahau fedha: tangu 1982 upo mfuko uitwao FACTOR, ulioanzishwa na watu wa redio pamoja na wa muziki, ambao husaidia kugharamia kurekodi na ziara, na stesheni huuchangia. Makala yenu ilitaja asilimia, ikanyamaza kuhusu mfuko.

Sasa nina wimbo mmoja wa kumpa mwandishi wenu. Mwimbaji ni binti wa Likoni. Mdundo ameununua mtandaoni kwa kijana wa Lagos. Maneno ameandikiwa na mtu wa Tanga, na sauti imeingizwa studio ya Kampala. Chini ya kanuni anayoipendekeza, huo utahesabiwa wa nani, na utapigwa saa ngapi?

Mtangazaji mstaafu,
Mombasa