Wazazi wapya msitishwe, mtoto ako sawa

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na hawa vijana wetu wenye wamepata mtoto wa kwanza juzi juzi, na pia niongee na sisi wenye tunaenda kuwaona, manake hofu nyingi yenye iko kwa hizo nyumba ni sisi tunaipeleka pamoja na ile sukari na unga.

Hapa Nyalenda mama akitoka hospitali, hata hajakaa chini, nyumba imejaa. Huyu anasema mtoto amekonda, yule anauliza mbona analia hivyo, mwingine anasema maziwa yako ni kidogo, mtoto hashibi. Hiyo ya mwisho inaniuma roho kabisa. Msichana wa watu amejifungua siku tatu zilizopita, mwili wote unauma, usingizi hana, halafu anaambiwa kifua chake hakina kitu. Jioni baba mtoto anatumwa dukani alete maziwa ya kopo, ama wanakoroga glukosi, na hapo ndipo shida ya kweli inaanzia, kwa sababu maziwa ya mama hutengenezwa kulingana na venye mtoto ananyonya, ukimjaza na kitu ingine atanyonya kidogo, akinyonya kidogo maziwa nayo yanapungua kweli, halafu jirani anasema si niliwaambia.

Binti yangu, nisikize. Siku za kwanza kinachotoka ni dang'a, ile nzito ya manjano, na ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo sana. Usiikamue ukaimwaga, hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Maziwa mengi huja kama siku ya 3 ama ya 4 hivi. Kunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana ni kawaida, na kuna jioni zingine atang'ang'ana na titi saa baada ya saa mpaka udhani hakuna kitu anapata, na bado ni kawaida. Hata kupungua uzito kidogo siku za kwanza ni kawaida, wengi wanarudi kwa ule wa kuzaliwa wakifika wiki 2. Ukitaka kujua kama anashiba, wacha kuangalia kilio, angalia nepi. Kuanzia siku ya 5 hivi akilowesha nepi 6 ama zaidi kwa masaa 24, mkojo hauna rangi kali, na huko kliniki mizani inapanda, huyo anashiba, na mwenye anasema vingine asikunyime usingizi. Mpaka afike miezi 6 hahitaji hata maji, hata na hili joto letu la Kisumu, maji yako ndani ya hayo maziwa.

Na kulia atalia. Kilio huongezeka mpaka karibu wiki ya 6 halafu kinaanza kupoa, wengi wakifika miezi 3 ama 4 wametulia, kwa hivyo si ati una mkosi ama kuna mtu amemtupia jicho. Mbebe, mweke kifuani, muimbie. Ukiona umechoka hadi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje kidogo, uite mtu akusaidie, lakini usimtikise kamwe, ubongo wake unaweza kuumia.

Kwikwi, kupiga chafya, vipele vidogo usoni, hayo yataisha yenyewe. Matiti yakivimba kidogo, awe mvulana ama msichana, ni homoni za mama, msiyakamue. Kitovu kiwe kisafi na kikavu, na kama hospitali wamekupa jeli ya klorheksidini, ile dawa ya kuua viini, ipake venye umeelekezwa, lakini jivu, mate ama mavi ya ng'ombe hapana, nawaomba sana.

Kitu ingine ni nguo. Saa saba mchana unapata mtoto ana marvin, soksi, sweta na shali mbili, jasho linamtoka. Gusa kifua ama shingo, kukiwa na jasho punguza nguo, mikono kuwa baridi kidogo si shida. Wenzetu wa Nakuru nao, usiku wa baridi jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba yenye imefungwa, ile hewa yake inaua. Na huku ziwani malaria iko, neti ni ya kila usiku.

Yenye ya kukimbiza mtoto hospitali, hata kama ni saa nane usiku, ni hizi: amekataa kunyonya kabisa, amelegea haamki vizuri, anapumua mbio pumzi 60 ama zaidi kwa dakika ama kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, mwili ni moto ama umekuwa baridi kuliko kawaida, anashtuka kwa degedege, kitovu kinatoa usaha ama ngozi ya kando yake inakuwa nyekundu, ama rangi ya manjano imetokea mwilini siku ile ya kwanza au imefika viganjani na nyayoni. Hapo usingoje kuche, na usipitie kwa mganga.

Baba watoto, wenye mmeajiriwa Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa likizo ya wiki 2 yenye malipo. Ichukueni. Ufue nepi, upike uji wa wimbi, na ukae mlangoni uwaambie wageni kwa heshima kwamba mama amelala.

Mhariri, ombi langu ni moja. Tutengee kona ndogo kila wiki, muuguzi wa watoto ajibu maswali ya wazazi wapya kwa Kiswahili chepesi, manake wengi wanaogopa kuuliza kliniki wasionekane wajinga.

Nyanya wa Nyalenda,
Kisumu