Kwenu wanangu mnaochangia kambi ya wasichana Pemba

Wanangu mlioko Unguja, Dar es Salaam, Maskati na Uingereza,

Assalaam alaykum. Habari zimenifika kwamba mmeanza kukusanya pesa za kambi ya wasichana ya likizo ya Disemba. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Mimi bibi yenu nimesomesha Wete miaka mingi, na kambi hizi nimezilala si moja wala mbili. Nisikilizeni kabla hamjatuma.

Naambiwa cha kwanza mnachotaka ni fulana zenye jina la umoja wenu, na bango. Sizikatai. Lakini mwaka mmoja mfadhili alituletea fulana nzuri, watoto wakapigwa picha, mambo yakapendeza. Asubuhi ya pili nilipofika nikaambiwa kuna mtoto hatoki chumbani. Nikamkuta kakaa juu ya jamvi nyuma ya mlango, fulana mpya mwilini, miguu kaikunja. Ameingia hedhini usiku, pedi hana, na wa kumwambia hakuwapo: mlezi wa kike alikuwa amerudi kwao jioni, kwani posho yake haikuwamo kwenye bajeti. Nikachana kanga yangu. Masomo ya siku nzima yakampita, na ndiyo aliyoyafuata.

Kwa hiyo nawaomba pesa yenu ianzie pale pasipopigwa picha. Mlezi wa kike alipwe, alale na watoto. Hilo ndilo swali la kwanza la kila baba ninayemwendea barazani kumwombea ruhusa binti yake: "Bibi, nani atalala nao?" Hajaniuliza mmoja kuhusu fulana. Nikimtajia mwalimu anayemjua, nikamwambia pana mlinzi na choo chenye mlango unaofungwa, mtoto anapewa ruhusa. Nisipokuwa na jibu, hata chakula kiwe biriani, haji.

Kisha nauli. Mtoto wa Wete mjini anakuja kwa miguu. Mtoto wa kisiwa cha Kojani anavuka maji kwa chombo, kisha apande gari, na kurudi ni vivyo hivyo. Mkigawa nauli sawa kwa wote, mtajaza kambi watoto wa mjini, na wale mliowakusudia watabaki kwao.

Tazameni na mwezi wa angani. Mama wengi huku wanalima mwani, na kazi ya mwani ni ya bamvua, maji yanapokupwa sana. Binti ndiye anayemsaidia mama kufunga mbegu na kubeba magunia. Kambi ikiwekwa bamvua, mnamwambia mama achague baina ya mwanawe na riziki. Iwekeni maji mafu, yasipokupwa sana, haigharimu hata shilingi. Na msimu wa karafuu usiguswe kabisa. Nyumba nzima hukaa usiku kuchambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, huku.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: daftari la hesabu washike wasichana wenyewe. Tulijaribu mara moja. Binti wa kidato cha pili tukamkabidhi pesa za jikoni na kalamu. Siku ya tatu upepo wa kaskazi ukavuma, vyombo vya wavuvi havikutoka, samaki bei ikapaa. Akasimama mbele ya wenziwe, sauti inamtetemeka, akasema: "Leo hatuli samaki. Tukinunua samaki, watu wa Kojani hawana nauli ya kurudi." Wakanung'unika. Akafungua daftari, akawasomea mstari kwa mstari, kilichoingia na kilichotoka. Wakala maharage. Hotuba za uongozi nimezisikia nyingi, na sijaona mtoto aliyejifunza uongozi kama yule siku ile, kwa pesa ya mchango.

Na wasichana wenyewe watoe kitu. Hili si geni kwa wenye kazi hii. Girl Guides, wale maskauti wa kike, wana siku yao duniani, tarehe 22 Februari, iliyoanza mwaka 1926. Mwaka 1932 Olave Baden-Powell, kiongozi wao mkuu wa dunia, aliwaandikia wasichana akiwaomba kila mmoja atoe peni moja siku hiyo kwa ajili ya wenziwe wa nchi nyingine. Peni moja haimshindi mtoto, na akiitoa anajua kambi ni yake. Wetu walete kibaba cha mchele, au nazi.

Mwisho, msitume zote kwa mkupuo. Bakisheni za miezi ya baada ya kambi, mlezi awazungukie watoto skulini mwao, kwani wengi wakirudi nyumbani huwa hawana wa kuwauliza wamefika wapi.

Daftari lile la jikoni ninalo hadi leo, lina doa la mafuta kwenye jalada. Atakayekuja likizo apite kwangu nimwoneshe, kisha tukae tuandike bajeti ya Disemba pamoja.

Wassalaam,
Bibi yenu, Wete