Njoo Septemba, maua waachie wengine

Hamburg, Jumapili usiku

Ndugu yangu Elia,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, baridi bado haijaanza kuuma. Picha za miche nimezipata, na naona ile miplamu ya chini ya nyumba imeshika vizuri. Umesema ukija unataka kuona mashamba, siyo maduka, na hutaki kushindishwa ndani ya treni. Basi safari nimeshaichagua: tutakwenda Altes Land kwa baiskeli, kutwa nzima, bila kukimbizana na mtu.

Ni ukanda wa tambarare kusini mwa mto Elbe, kati ya Hamburg na mji wa Stade. Mashamba ya matunda yamefuatana huko kwa takriban hekta 10,000, sehemu kubwa matufaha, kisha cheri, peasi na plamu. Wewe uliyezoea kusukuma baiskeli kutoka Mombo kwenda juu Lushoto utadhani nakutania, lakini njia nzima haina mlima. Pa kupanda ni tuta la kuzuia mto tu. Shida ya huku ni upepo, nao mara nyingi hutoka magharibi. Watu wengi huanzia Hamburg, wakafika Stade mapaja yakiwaka moto. Sisi tutafanya kinyume: asubuhi tunapakia baiskeli kwenye treni hadi Stade, kama mwendo wa saa moja, halafu tunarudi na upepo mgongoni. Ukiongeza michepuko ni kama kilomita 40.

Stade kwenyewe hatutakaa sana. Ni mji wa wafanyabiashara wa zamani, uliwahi kutawaliwa na Waswidi katika karne ya 17, na ghala lao kubwa bado limesimama kwenye bandari ya zamani. Tutakunywa kahawa hapo, tujaze upepo kwenye matairi, tuondoke.

Kuanzia kijiji cha Hollern utaona jinsi ardhi ilivyogawanywa. Kila nyumba iko kando ya barabara, na shamba lake ni ukanda mwembamba unaokwenda nyuma hadi macho yachoke, mpaka wake ni mfereji. Mpango huo ni wa karne ya 12. Hapa palikuwa kinamasi, maji ya mto yakipanda na kushuka na bahari. Wenye mamlaka wakawaita Waholanzi, kwa kuwa walijua kukausha ardhi kwa mifereji na matuta, na wakawaachia waishi kwa sheria zao wenyewe. Kila mwenye ardhi alipaswa kutunza kipande chake cha tuta. Aliyeshindwa alinyang'anywa shamba. Ukali huo nauelewa: uzembe wa mmoja ungewazamisha wote.

Tukifika Steinkirchen tutafuata kijito cha Lühe, na hapa ndipo nitakuomba ukanyage pedeli polepole kabisa. Njia inapinda juu ya tuta, nyumba zimejipanga chini yako, paa za matete, mbao zimepakwa rangi nyeupe na katikati yake matofali mekundu yaliyopangwa kwa nakshi. Zipo nyumba zenye mlango wa bibi harusi. Hauna kitasa kwa nje. Bibi harusi aliingilia hapo siku ya ndoa, na maiti ilitolewa hapo siku ya mazishi. Nyumba ikishika moto, masanduku ya mali yaliokolewa kwa mlango huohuo. Wakulima hawa walikuwa na fedha na hawakuona haya kuionesha: mbele ya baadhi ya nyumba yamesimama malango makubwa yaliyochongwa, njia pana ya mkokoteni na njia ndogo ya mtu.

Kwa kuwa wewe ndiye mpiga kinanda wa kwaya, kanisani Steinkirchen lazima tuingie. Kinanda cha mabomba kilichomo kilitengenezwa na Arp Schnitger mwaka 1687, na bado kinapigwa ibadani. Jioni tutapita Neuenfelde, alikozikwa mwaka 1719, na huko pia kipo kinanda chake.

Sasa nikueleze kwa nini nakwambia Septemba. Kila mtu atakushauri mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, maua yanapochanua. Ni mazuri, sikatai, lakini wikiendi hizo njia hujaa mabasi na watu wanaosimama katikati ya barabara kujipiga picha. Halafu mkulima mwenyewe wakati huo hana usingizi, anaogopa jalidi. Usiku kipimajoto kikikaribia sifuri, hufungulia mvua ya bomba juu ya miti yote. Ndiyo, humwagia maji maua wakati wa baridi! Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na ua lililo ndani ya ganda la barafu hubaki karibu na nyuzi sifuri, halifi. Sharti maji yasikatike mpaka hewa ipate joto. Ukifunga mapema umeua maua yote. Ndiyo maana mashambani wamechimba mabwawa, na ndiyo maana bandari ya Hamburg ilipotaka kuchimba Elbe kina zaidi kwa ajili ya meli za makontena, wakulima walipiga kelele. Waliogopa chumvi ya bahari ipande mtoni, nao maji yao hutoka humo.

Septemba utaona kazi yenyewe. Trekta zinavuta masanduku ya matufaha aina ya Elstar, miti imelemewa, na kando ya barabara kuna vibanda visivyo na mwuzaji: unachukua mfuko, unatumbukiza sarafu kwenye kikopo. Wachumaji wengi wanatoka Poland na Romania. Kwenye kadi za posta hawamo, lakini bila wao matufaha yangeozea mtini.

Baada ya Jork na Borstel tutakuwa chini ya tuta kubwa la Elbe. Mto wenyewe huuoni. Unaona ukuta wa majani, kondoo wanaolishwa hapo makusudi ili kwato zao ziushindilie udongo, na juu ya migongo yao makontena yanapita yenyewe, kwa kuwa meli imefichwa na tuta. Tuta hilo lilijengwa kuwa refu hivyo baada ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962, dhoruba ilipovunja matuta na watu 315 wakafa Hamburg peke yake. Midomo ya vijito vya Schwinge, Lühe na Este vinavyoingia Elbe sasa ina milango ya kuzuia maji, hufungwa bahari ikichafuka. Tutavuka ule wa Este pale Cranz.

Mwisho ni Finkenwerder, kupita kiwanda cha ndege cha Airbus, ambacho kwangu hakina la kutuchelewesha. Hapo tunapanda boti namba 62 hadi gati la Landungsbrücken mjini Hamburg, baiskeli hailipiwi.

Nina swali moja la kitaalamu. Mitufaha ya huku ni mifupi, imefungwa kwenye nguzo na waya, mtu anachuma bila ngazi. Wameibebesha kwenye shina la aina ya M9 linalodumaza mti. Je, huko Lushoto kuna aliyejaribu, au mnabaki na miti mirefu kwa sababu ya mteremko? Ukija nitakutafutia mkulima umwulize mwenyewe, mimi nitatafsiri.

Nijibu kabla ya Krismasi, kwa kuwa kazini likizo tunagombania mapema. Baiskeli nitakukodia. Wewe leta koti la mvua la maana, siyo lile la mwaka ule. Nisalimie mama, shemeji na wanakwaya wote.

Wako,
Daudi