Mafundi, waacheni wanafunzi wabaki na kazi yao ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na mafundi cherehani wanaofundisha vijana wetu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Tanga. Mwaka jana nilianza kujifunza kushona kwa fundi jirani, barazani kwake, pamoja na wasichana watatu walio sawa na wajukuu zangu. Fundi wetu ni hodari na hana choyo cha kazi. Ila ana desturi ambayo nimeiona kwa wengi: mwanafunzi akikosea, kitambaa kinachukuliwa, mshono unafumuliwa, fundi anaushona upya mwenyewe. Binti mmoja ana miezi minne pale, na nyumbani kwao hakuna hata kitu kimoja anachoweza kusema hiki nimeshona mimi.

Mimi nilimwomba fundi aniachie kazi yangu. Nilikuwa nashona mfarishi wa vipande, yaani vipande vya nguo vilivyoungwa na kutiwa blanketi ndani, kama ule tuliojifunika kwa bibi, kwa masalia ya vitenge aliyotaka kuyatupa na khanga kuukuu ya marehemu mama, ya kiwanda cha Urafiki. Vipande 12 kila mstari. Hapo ndipo nilipoijua milimita. Kila mshono ukila milimita 2 zaidi, mwisho wa mstari umepungukiwa sentimita 2 nzima. Mistari yangu haikulingana, nikaivuta kwa nguvu, pembe za vipande zikakosana. Kisha nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kitambaa na blanketi kwa muda, kuanzia ukingoni badala ya katikati. Blanketi la ndani likajikusanya, kona moja ikafanya donge.

Makosa hayo nayajua kwa vidole vyangu. Mfarishi wa pili niliuanzia bandi katikati bila kukumbushwa na mtu. Aliyeshonewa upya na fundi anaona kazi iliyonyooka, haoni alipopotea.

Nimesahihisha madaftari miaka 31. Sikuwahi kuchana ukurasa wa mtoto nikamwandikia insha yangu. Nilitia alama nyekundu, daftari likaenda nyumbani hivyo hivyo, mzazi akaliona.

Basi nawaomba: mwonyesheni kosa, mpeni kipande kingine cha masalia, na kile cha kwanza aondoke nacho. Nguo ya mteja ni habari nyingine, hiyo sharti inyooke. Na sisi wazazi, mtoto akileta mto uliopinda, tuuweke kwenye kiti sebuleni, tusiufiche chumbani wageni wakija.

Mfarishi wangu ule wa kwanza anajifunika mjukuu wangu wa darasa la kwanza. Khanga ile ya mama ilikuwa na jina "Mgeni njoo mwenyeji apone", nami mkasi ulinienda upande, nikayakata maneno mawili ya mwanzo. Usiku mjukuu huyasoma yaliyobaki, kidole kikifuata herufi moja moja: mwenyeji apone.

Mwalimu mstaafu,
Tanga